Kijiti, brashi, bomba la sindano au kidole: kipi cha kupakia grisi kwenye rili?

Rili ya fimbo ya kuvulia, ile mashine ndogo ya kukunjia mshipi, ikishafunguliwa, ikasafishwa na kukauka, linabaki swali ambalo wengi hawalipi uzito: grisi inaingizwa kwa kutumia nini? Mara nyingi mtu hushika kilicho karibu. Jirani wa fundi baiskeli ana spoki, mwenye mtoto shuleni anaazima brashi ya rangi za maji, aliyepitia duka la dawa ana bomba la sindano, na asiye na chochote ana kidole chake. Vyote vinapaka. Tofauti huonekana baadaye, mtu akiwa majini na samaki ameshakula.

Nawaandikia hasa wanaotumia fimbo na rili hapa Kigoma, kuanzia Kibirizi na Bangwe hadi Katonga na Ujiji, wanaotafuta samaki kama kuhe kwenye miamba au sangala kwenye kina. Hawa ni wachache mno ukilinganisha na wavuvi wa dagaa wenye nyavu na taa. Kwa sababu hiyo maduka yetu yamejaa nyuzi za nyavu, maboya na spea za injini, na kifaa kilichotengenezwa maalumu kwa rili ni nadra kukiona. Ulinganisho huu kwa hiyo unahusu vitu vinavyopatikana Mwanga sokoni na madukani, pamoja na viwili vitatu ambavyo mtu anaweza kuagiza Dar.

Grisi inaenda wapi

Kabla ya kifaa, tujue kinapelekwa wapi. Chukua rili ya kawaida, ile inayoning'inia chini ya fimbo na spuli yake, kigurudumu kinachobeba mshipi, haizunguki unaporusha. Ndani kuna gia kubwa inayozungushwa na mkono wa rili, yaani mpini wake, na gia ndogo, mara nyingi ya shaba, inayoizungusha rota, kichwa kinachoizunguka spuli na kuuviringisha mshipi. Meno ya gia hizi mbili ndiyo yanayokula grisi kuliko sehemu nyingine zote. Kisha kuna utaratibu wa kupandisha na kushusha spuli ili mshipi ujipange: kwenye rili nyingine ni kitelezi kinachosukumwa na gia, kwenye nyingine ni skrubu ndefu yenye mifereji inayopishana. Hapo panataka grisi kiasi, na laini zaidi. Nyuzi za skrubu zinazofunga mwili wa rili zinataka alama tu ya grisi, kwa sababu chuma kilichokaa ndani ya alumini na maji hukamatana, na siku ya kufungua tena utavunja kichwa cha skrubu. Maegemeo ya waya unaofunga na kufungua mshipi, kidogo. Shafti kuu, utando mwembamba.

Washa za breki, vile visahani vinavyoizuia spuli isiachie mshipi ovyo samaki anapovuta, zina mambo yake. Zile za kitambaa kizito kilichoshindiliwa hutaka kulowana grisi, la sivyo hukauka, hushika kwa kushtuka na kukata mshipi. Zile za kaboni hufanya kazi kavu, au na utando mwembamba sana wa grisi iliyotengenezwa kwa ajili ya breki. Grisi ya gari usiipeleke huko.

Pana mahali grisi haitakiwi kabisa. Pa kwanza ni ile beringi ya njia moja, yenye rola ndogondogo, inayozuia mkono usirudi nyuma. Grisi ikiingia mle, rola zinashindwa kushika kwa wakati. Unavuta kumkaza samaki, mkono unazunguka kinyume, ndoana haijachoma. Beringi hiyo hubaki kavu au hupewa tone la oili nyepesi. Beringi za rola ya mshipi na za kishikio cha mkono pia ni za oili. Na kama una rili ya Daiwa yenye mfumo wa Mag Sealed, sehemu zilizozibwa kwa oili ya sumaku usizitie chochote.

Halafu kuna maji yenyewe. Anayevua Tanga au Dar anapigana na chumvi, ndiyo maana mafundi wa huko hupenda kufunika kila pembe kwa grisi nzito ili maji ya bahari yasipate pa kugusa chuma. Tanganyika ni ziwa la maji baridi. Adui wetu mkubwa ni mchanga wa ufukweni na vumbi la kiangazi, Juni hadi Septemba, na hivyo viwili hunata kwenye grisi iliyozidi. Kwa rili ya Kigoma, kuzidisha ni hatari kubwa kuliko kupunguza kidogo. Hilo ndilo litakaloamua mengi huko chini.

Vigezo

Nimevipima vifaa kwa mambo matano. Kwanza kipimo: je, unaona na kutawala kiasi kinachotoka? Pili kufika: kinaingia kwenye kona bila kuchafua njiani? Tatu kutandaza, maana kuweka tone ni kazi moja na kulifanya utando ni kazi nyingine. Nne usafi: kinaacha unyoya, kibanzi au mchanga ndani ya rili, au kinarudisha uchafu kwenye kopo? Tano upatikanaji hapa kwetu, pamoja na bei.

Kuna jambo la sita ambalo si la kifaa lakini hukigeuza kifaa kuwa kizuri au kibaya: uzito wa grisi. Makopo mengi kwenye maduka ya spea ni grisi ya litiamu namba 2 kwa kipimo cha NLGI, kipimo kinachoanzia 000, laini kama uji, hadi 6, ngumu. Namba 2 inafaa kwa gia za rili kubwa. Kwenye rili ndogo huufanya mkono uwe mzito, na wengine huilainisha kwa matone ya oili ya rili. Ukilainisha, changanya kidogo pembeni, usichanganye kopo zima. Wala usitie grisi mpya juu ya ya zamani usiyoijua: grisi zilizotengenezwa kwa vigandishi tofauti, kwa mfano litiamu na udongo, zinaweza kukataana na kugeuka majimaji.

Na mawese, kwa kuwa kuna wanaouliza: hapana. Huganda, hugeuka ulimbo, huchacha. Mawese yabaki kwenye kupikia samaki wa mgebuka. Mafuta ya kujipaka ya mgando nayo huyeyuka rili ikiachwa juani ndani ya mtumbwi.

Kijiti, na ndugu yake spoki

Kipimo ni nguvu yake kubwa. Ncha ya kijiti cha meno hubeba kiasi kidogo sana, na unakiona chote. Huwezi kumwaga kwa bahati mbaya. Mtu mwenye mkono mzito, na tuko wengi, anasaidiwa na kifaa kinachomnyima nafasi ya kuzidisha.

Kufika, kinafika karibu kila mahali: chini ya gia ndogo, kwenye mfereji wa skrubu ndefu, kwenye egemeo la waya. Pembeni ya beringi ya njia moja hakuna kifaa ninachokiamini zaidi, maana unapita karibu yake bila kuigusa.

Kutandaza ndipo kinapochosha. Gia kubwa ina meno mengi, na kuyapitia jino kwa jino kwa kijiti ni kazi ya mtu asiye na haraka. Unaweza kuweka tone kila baada ya meno matatu au manne, ukafunga mkono na kuzungusha taratibu. Gia ndogo itakusambazia. Matokeo yanakubalika, ila mizizi ya meno mengine hubaki kavu.

Kuhusu usafi, njiti ya kibiriti iache. Mti wake ni laini, hunyofoka, na kibanzi kimoja kati ya meno ya gia kitakuimbia kila ukizungusha. Kijiti cha mianzi ni kigumu zaidi. Kikishalika ncha, tupa, chukua kingine.

Spoki ya baiskeli nimeipa nafasi hapa kwa sababu Kigoma haikosi fundi baiskeli, na spoki iliyovunjika hana kazi nayo. Mwombe aiponde ncha iwe bapa, kisha ilainishe kingo zake kwa msasa hadi isikwaruze ukucha. Hilo la msasa si urembo: spoki ni chuma kigumu, na gia ya rili mara nyingi ni ya shaba au aloi laini ya zinki. Kingo kali itaacha mkwaruzo pale pale ulipokwenda kulinda. Ikishalainishwa unapata mwiko mdogo usiovunjika, usioacha unyoya, unaofutika kwa kitambaa, na wenye urefu wa kufika chini kabisa ya mwili wa rili kubwa. Kubeba grisi hubeba zaidi ya kijiti, kwa hiyo kipimo chake kinategemea mkono wako.

Bei: pakiti ya vijiti ni hela ndogo, spoki ni salamu tu.

Inamfaa mwenye rili moja au mbili, anayezihudumia nyumbani mwenyewe, na yeyote anayefungua rili kwa mara ya kwanza.

Brashi

Ninayoizungumzia ni ile ndogo bapa ya kuchorea, inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya shule. Ya kupaka rangi ukuta ni kubwa mno. Mswaki wa zamani nao ni mzuri wa kusugua grisi kongwe na mchanga. Ukiutumia kupaka, utarushia grisi hadi kwenye beringi usizotaka.

Kwa kutandaza, brashi haina mpinzani. Nyuzi zake zinaingia kwenye mizizi ya meno ya gia, zinasukuma grisi ndani na wakati huohuo zinaondoa ya juu. Mizunguko miwili kwenye gia kubwa na kazi imekwisha, utando ni sawa kila upande. Kwenye skrubu ndefu yenye mifereji pia hupendeza, ukiizungusha huku umeshikilia brashi mahali pamoja.

Kipimo ni habari nyingine. Brashi ina tumbo. Grisi hujificha ndani ya nyuzi, unaona kidogo juu, kumbe nyuma imebeba mara tatu yake, na inaendelea kuachia kila unapogusa. Ndiyo sababu rili nyingi zilizopakwa kwa brashi huwa nzito mkononi wiki ya kwanza, kisha grisi inasukumwa pembeni na meno, inazunguka ndani, na siku ya jua kali inalainika na kuteremkia isikotakiwa. Dawa yake ni kukata nyuzi zibaki fupi, kama milimita tano au sita. Zikiwa fupi hubeba kidogo na hupata ugumu wa kusukuma hata grisi namba 2, ambayo brashi ndefu huikunjia tu.

Usafi ndio mtihani wake. Brashi za bei ya chini humwaga nyuzi. Kabla ya kuipeleka kwenye rili, ivute nyuzi kwa nguvu, ioshe, ivute tena. Ikiendelea kunyofoka haifai. Uzi mmoja wa brashi ukiingia kwenye rola ya mshipi au beringi utasikia mkwaruzo na hutajua unatoka wapi. La pili ni mchanga. Brashi yenye grisi iliyolazwa kwenye kibaraza cha nyumba ya Kigoma mwezi wa saba inageuka msasa kabla ya magharibi. Ifunge kwenye mfuko wa nailoni mara tu ukimaliza. La tatu, na hapa ndipo wengi hukosea, usichovye brashi iliyogusa rili kwenye kopo kuu. Chota grisi kidogo uiweke kwenye kifuniko safi cha chupa, chovya hapo, na kitakachobaki kitupe. Kopo la kilo moja likishapata mchanga, kila rili utakayoihudumia kuanzia siku hiyo itakula mchanga huo.

Kufika, wastani. Kwenye rili kubwa iliyo wazi haina shida. Kwenye rili ndogo, mwili wake unapanguswa na pembeni za brashi kabla hujafika ulikokusudia.

Kuna aina moja ya brashi inayostahili kutajwa peke yake: ya chupa ya rangi ya kucha. Chupa ikiisha, isafishe kwa kiondoa rangi hadi isibaki harufu wala utelezi, iache wazi siku nzima ikauke, kisha tia grisi laini. Unapata brashi ndogo na kopo lake lenye mfuniko, vumbi halifiki, na shingo ya chupa hukukamulia brashi unapoitoa. Grisi namba 2 haitapanda vizuri kwenye nyuzi zake, lakini ile iliyolainishwa inakaa. Akina mama nyumbani watakucheka. Wacheke.

Inamfaa fundi anayehudumia rili nyingi kwa siku, mwenye rili kubwa za gia pana, na mtu mwenye nidhamu ya kusafisha vyombo vyake. Asiye na nidhamu hiyo aendelee na vijiti.

Bomba la sindano

Hiki ndicho kifaa ambacho watu wakikigundua hutaka kukitumia kila mahali. Kwa mia chache za shilingi duka lolote la dawa linakupa bomba jipya la mililita 2, 5 au 10, limefungwa, safi, lenye mistari ya kipimo.

Kipimo chake ni bora kwa namba. Rili ndogo ya saizi 2500 mara nyingi haimalizi hata mililita mbili za grisi ndani nzima, na ukiwa na bomba unaliona hilo kwa macho. Anayehudumia rili ya aina moja mara kwa mara atajua inakula kiasi gani na hatabahatisha tena.

Ila namba hiyo ina hila. Ukijaza vibaya, hewa inabaki kati ya grisi. Unasukuma, hewa inabanwa, unaachia kidole, na hewa inajipanua na kuendelea kutoa grisi wakati wewe umeshahamia sehemu nyingine. Bomba linatiririka peke yake. Namna ya kujaza ni kuchomoa kisukumio, kupakia grisi kutokea nyuma kwa spoki, kugongagonga ishuke, kisha kurudisha kisukumio ukiwa umeweka uzi wa mshipi pembeni ya mpira wake ili hewa itoke kupitia hapo. Mpira ukishagusa grisi, vuta uzi utoke.

Ukubwa nao una maana, na huenda kinyume na watu wanavyodhani. Bomba dogo husukuma grisi nzito kwa urahisi kuliko kubwa, kwa kuwa nguvu ileile ya kidole gumba inakandamiza eneo dogo. Kwa grisi namba 2 chukua la mililita 2. La 10 litakuumiza kidole na mwisho kisukumio kitapinda.

Kufika: bila sindano, pua ya bomba inatosha kwa meno ya gia na skrubu ndefu. Ukitaka sehemu finyu zaidi weka sindano nene. Rangi za vitako vyake zinafuata utaratibu mmoja duniani: ya waridi ni geji 18, ya kijani 21, ya bluu 23, na namba ikipanda sindano inakuwa nyembamba. Grisi laini hupita kwenye ya waridi. Namba 2 itakutoa jasho hata hapo, na kwenye ya kijani sahau. Tumia hiyo kwa oili. Ncha kali ikatwe na kulainishwa kwa tupa kabla ya kazi, halafu uhakikishe hakuna vumbi la chuma lililobaki ndani. Nyumba yenye watoto, bomba libaki bila sindano. Na hili lisihitaji kusemwa: bomba na sindano viwe vipya kutoka kwenye pakiti, si vya kuokota, na sindano ukishamaliza nayo usiitupe jalalani ikiwa wazi.

Kutandaza hakitandazi. Bomba linalaza mstari wa grisi, na mstari huo ukiachwa hivyo juu ya gia utasukumwa pembeni na mzunguko wa kwanza. Lazima uwe na kijiti au brashi ya kumalizia. Anayekuuzia wazo la bomba peke yake amekuuzia nusu ya kazi.

Usafi, kizuri kuliko vyote. Grisi imefungwa, haikutani na vumbi, haigusi kopo. Kasoro ni kuhifadhi kwa muda mrefu: mpira wa kisukumio huvimba ukikaa na mafuta ya grisi, na baada ya wiki kadhaa hukwama au hukatikia ndani. Yapo mabomba ya vipande viwili, plastiki tupu bila mpira mweusi mbele ya kisukumio. Hayo hudumu zaidi ukiyapata. Vinginevyo jaza ya kazi ya siku chache, likikwama nunua jingine.

Inamfaa anayesafiri na rili, kwa mfano anayekwenda kulala ufukweni upande wa kaskazini kuelekea Gombe na hataki kubeba kopo. Fundi anayetaka kila rili ipate kiasi kilekile. Na mwenye rili ndogo ya mwili finyu.

Kidole

Wanaokidharau hawajawahi kupaka washa za kitambaa. Hakuna kifaa kinachoingiza grisi kwenye kitambaa kile kama kidole gumba na cha shahada vikiisugua washa taratibu hadi ilowane pande zote, kisha kuifuta ibaki na mng'ao tu. Joto la ngozi huilainisha grisi na kuifanya iingie. Kwa shafti kuu pia, unapitisha vidole viwili mara moja, utando umekaa. Kwa nyuzi za skrubu, gusa na zungusha. Kipimo hapo kinatoka kwenye hisia, na kwa kazi hizo tatu hisia inatosha.

Ndani ya mwili wa rili mambo hubadilika. Kidole ni kinene, hakifiki, na kinachukua grisi nyingi kikiiacha kwenye kila ukingo kinakopita. Usafi unategemea mkono uliotoka wapi: mkono uliokuwa ukivuta kamba ya mtumbwi una mchanga kwenye mistari ya ngozi hata ukidhani umenawa. Nawa kwa sabuni ya kufulia, kauka kabisa, au vaa glovu nyembamba za duka la dawa. Glovu zina faida ya pili: wavuvi wengi wanaamini chambo kikishikwa na mkono wenye harufu ya mafuta ya mashine samaki hukisusa, na hakuna hasara kuwaamini.

Kinamfaa kila mtu, kwa sehemu hizo chache.

Tyubu ya kiwandani na bomba la grisi la gari

Grisi ya rili ya kampuni kama Penn au Shimano huuzwa kwenye tyubu au chupa yenye pua nyembamba. Ukiweza kuagiza Dar, pua hiyo inafanya kazi karibu sawa na bomba la sindano lisilo na mpira wa kuvimba, ila kipimo chake ni cha kubonyeza na kuachia, na tyubu ikiachia hunyonya hewa, mara nyingine na uchafu wa pale ilipogusa. Ifute pua kabla hujaachia mbonyezo. Faida kubwa ni grisi iliyomo zaidi ya chombo chake.

Bomba la grisi la gereji lina msukumo wa kulainisha ekseli ya lori. Msukumo mmoja unaijaza rili yote. Liache gereji.

Kwa hali yako

Una rili moja, unavua Jumapili, na hujawahi kuifungua: anza na vijiti vya mianzi na kidole. Weka grisi kidogo kuliko unavyodhani inatakiwa, funga, zungusha mkono mara nyingi, fungua tena uangalie meno. Yaking'aa kwa utando, acha. Yakionekana makavu mahali, ongeza hapo tu.

Unahudumia rili za wenzako au za wageni wanaokodishiwa boti: brashi fupi kwa gia na bomba la mililita 2 kwa kulisha brashi hiyo, badala ya kuchovya kwenye kifuniko. Vikitumika pamoja, bomba linatoa kipimo ambacho brashi haina, na brashi inatandaza. Spoki iwe karibu kwa ajili ya kona. Kabla ya kumrudishia mwenyewe, shika mwili wa rili kwa mkono mmoja na ujaribu kuurudisha mkono wa rili nyuma kwa mtikisiko wa ghafla, mara kadhaa. Ukiteleza hata mara moja, grisi imefika kwenye beringi ya njia moja na lazima uifungue, uisafishe kwa spiriti na kuiacha kavu.

Rili yako ni kubwa, ya kutafutia sangala kwenye kina, mshipi mnene na breki nzito: brashi kwa gia, kidole kwa washa kama ni za kitambaa. Grisi namba 2 hapa haina tatizo, na kiasi kinaweza kuzidi kidogo kile cha rili ndogo.

Rili ndogo ya saizi 1000 hadi 2500: bomba au kijiti, grisi laini. Brashi ndefu usiiingize.

Una rili ya kulala juu ya fimbo, ambayo spuli yake huzunguka wakati wa kurusha: gia kijiti, mifereji ya kupangia mshipi brashi ya chupa ya kucha yenye grisi nyepesi sana au oili, na beringi za spuli oili tu. Grisi kwenye beringi hizo itakupunguzia umbali wa kurusha papo hapo.

Unasafiri kwenda kuvua baharini, Tanga au Mafia: kanuni ya kupunguza iache Kigoma. Beba brashi, paka utando kwenye kuta za ndani, vichwa vya skrubu na maungio ya mwili, ukiiepuka beringi ya njia moja vilevile. Ukirudi, ifungue na uioshe grisi hiyo yote kabla ya vumbi la kiangazi kuikuta.

Na kama unavua kwa miezi mfululizo na muda wa kufungua rili hupati, tazama kalenda. Mwaka 2024 shughuli za uvuvi Ziwa Tanganyika zilisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili ziwa lipumzike. Kipindi kama hicho kinatosha kwa kazi ya kijiti, jino kwa jino. Fanya ndani ya nyumba, dirisha la upande wa upepo likiwa limefungwa, na karatasi nyeupe chini yake ili skrubu ikidondoka uione.